Mwalimu Mwanagenzi na Subira ya Sekunde Tatu

Wapo mabinti wetu wanaosomea ualimu katika vyuo vya bara. Huenda mmoja wao akafanya mazoezi ya kufundisha Kalamba, katika kaunti ya Makueni, mbele ya watoto ambao nyumbani husema Kikamba. Somo amelitayarisha vyema, ila kujua ni jambo moja na kufundisha ni jingine. Atauliza swali, na darasa zima litanyamaza. Afanye nini?

Angoje. Katika miaka ya 1970, mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionyesha kwamba mwalimu akishauliza swali, kwa kawaida hungoja sekunde moja tu, kisha humgeukia mtoto mwingine au hujijibu mwenyewe. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Mtoto wa Kalamba anauhitaji zaidi muda huo, maana hulielewa swali kwanza, akatafuta jibu, kisha akatafuta maneno katika lugha asiyoizoea. Akikatizwa, huenda akadhaniwa mjinga, naye akaamini hivyo.

Hekima hii ina utaratibu wake. Mwalimu aulize kwanza, ahesabu kimoyomoyo, awaache watoto wanong'onezane wawili wawili, ndipo ataje jina. Akitaja jina kabla ya swali, wengine wote hupumzika. Tena amwombe mwalimu mwenyeji aketi nyuma ya darasa na kumhesabia ni watoto wangapi waliosema.

Wala asione haya kujifunza lugha ya wenyeji. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo lao katika miaka mitatu ya mwanzo. Mkamba akihesabu husema itatu na itano. Sisi husema tatu na tano. Daraja limekwisha kujengwa, kilichobaki ni kulivuka.

Kwamba ufundi huu hufunzwa, sisi watu wa pwani tunao ushahidi. Mpango wa shule za awali za madrasa ulianza Mombasa mwaka 1986, kwa ombi la viongozi wa Kiislamu na msaada wa Aga Khan Foundation, na Bi Swafiya Said akawa mwanzilishi wa mafunzo yake. Wanawake wa mitaani walifunzwa ualimu, wakafuatwa na wakufunzi hadi madarasani mwao. Mpango ukafika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993.

Basi, wazazi wapenzi, binti akipiga simu jioni, msimwulize tu kama somo limekwisha. Mwulizeni: ni mtoto gani aliyesema leo, ambaye jana hakusema?