Kuondoa Ukoga wa Chokaa Bafuni

Katika nyumba za Gatete na Rumonge zitumiazo maji ya ziwa, beseni na bomba huingia utando mweupe mgumu ambao sabuni haiutoi. Mara nyingi mama wa nyumbani hulaumiwa kwa uvivu, kumbe kosa si lake. Asili ya utando huo ni maji yenyewe.

Ziwa Tanganyika hupokea chumvi nyingi kutoka Ziwa Kivu, lililo katika nchi ya volkeno, kwa njia ya mto Ruzizi. Mto mmoja tu, Lukuga, ndio utoao maji yake; sehemu kubwa hugeuka mvuke, na chumvi zikabaki. Miongoni mwake zimo kalsiamu na magnesiamu. Maji yakikauka juu ya kigae, chumvi hizo huganda. Zikikutana na sabuni, hata ile iliyotengenezwa kwa mawese ya Rumonge kwenyewe, hufanya utando wa kijivu badala ya povu.

Ukoga huo hauondoki kwa majivu, ambayo hukata mafuta tu, wala kwa mchanga, ambao hukwaruza kigae. Dawa yake ni ndimu au siki. Kitambaa kilicholoweshwa siki kizungushwe kwenye bomba, na ndimu iliyokatwa isuguliwe juu ya kigae, kisha viachwe kwa nusu saa. Halafu pasuguliwe kwa brashi na kusuuzwa kwa maji mengi. Sakafu ya saruji isitiwe dawa hiyo, kwa kuwa saruji nayo ina chokaa, hivyo italika. Yatosha brashi ngumu na sabuni katika maji ya mvua.

Hapa pana hatari. Familia nyingi za mwambao huweka maji ya javeli kwa ajili ya kujikinga na kipindupindu. Javeli ichanganyikapo na siki au ndimu hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu, hasa katika bafu finyu. Dawa hizo zitumike siku mbalimbali. Ikitokea zimechanganyika, mtu atoke nje upesi na kuacha mlango wazi. Akiendelea kukohoa, apelekwe hospitali.

Kinga bora ni kupangusa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuoga. Askari aliyezoea kung'arisha viatu kila asubuhi hawezi kushindwa kupangusa bomba jioni. Kazi hiyo si ya mama peke yake.