Rejesho Linapokula Hela ya Dawa: Bajeti ya Mzazi Anayelea Peke Yake na Ana Madeni

Wiki hii nilipanga tuongee kuhusu kantangaze, lakini nimepokea ujumbe ulionifanya nibadilishe somo. Mama mmoja kijana, analea watoto wawili peke yake na ana robo ekari ya nyanya, ameniandikia hivi: "Bwana shamba, nyanya zimeanza kutoa maua, ila hela ya dawa nimelipa rejesho. Nifanyeje?"

Swali hili si la dawa. Ukimwambia apige dawa fulani kwa kipimo fulani hujamsaidia, maana hela ya kuinunua haipo. Na hayuko peke yake. Nikipita mashambani nakuta vijana wengi, akina mama na akina baba, wanaolea bila mwenza. Mimi mwenyewe nalea binti yangu peke yangu, tofauti ni kwamba mshahara wangu una tarehe. Mkulima hana tarehe. Rejesho lina tarehe, shule ina tarehe, tumbo la mtoto lina tarehe kila siku, lakini nyanya zinaiva zikitaka.

Nimekaa na mama huyu na daftari lake. Hesabu za hapa chini zinafanana na zake, ila nimezirahisisha ili kila mtu aweke za kwake.

1. Andika madeni yote, hata yale ya aibu

Wengi tunajua tunadaiwa "kama laki nane hivi". Hiyo "kama" ndiyo inayotumaliza. Andika unadaiwa na nani, shilingi ngapi, riba ngapi kwa mwezi, na tarehe ya kulipa. Mfano wetu uko hivi:

- VICOBA: 400,000, riba asilimia 5 kwa mwezi, yaani 20,000.
- Duka la pembejeo: 250,000, haina riba, analipwa nyanya zikivunwa.
- Mkopeshaji wa mtaani, ile wanayoiita kausha damu: 200,000, riba asilimia 20 kwa mwezi, yaani 40,000.
- Mkopo wa simu: 30,000 pamoja na ada zake.

Jumla ni 880,000. Sasa angalia vizuri. Deni kubwa ni la VICOBA, lakini linaloumiza ni la mtaani. Ni nusu ya lile la VICOBA, ila linakula mara mbili yake kila mwezi. Ukilipa riba tu kwa miezi 5, umeshatoa 200,000 na bado unadaiwa 200,000 ile ile. Ni kama kumwagilia shamba kwa ndoo iliyotoboka.

Kwa hiyo usilipe kwa kufuata nani anapiga simu sana au nani anakuja kukaa mlangoni. Lipa kwa kufuata riba.

2. Nyumba nayo iwe na hesabu yake

Wakati nyanya hazijaiva, mama huyu anaishi kwa mchicha, chainizi na kuku. Mboga zinampa kama 45,000 kwa wiki, sawa na 180,000 kwa mwezi. Mayai na kuku wachache, 40,000. Jumla 220,000.

Matumizi ya nyumbani kwa mwezi: mafuta ya kula, sukari, dagaa, chumvi na sabuni 70,000; mkaa na umeme 30,000; mahitaji ya shule 20,000; matibabu 10,000; vocha 5,000. Jumla 135,000. Inabaki 85,000.

Mtasema mbona unga haupo? Haupo kwa sababu anao ndani, na hapa ndipo mkulima anampita mtu wa mjini. Familia ya watu watatu ikitumia kilo moja ya unga kwa siku, kwa mwaka ni kilo 365. Kabla hujauza gunia hata moja msimu wa mavuno, toa kwanza hayo mahindi ya ndani na uyahesabu kama yameshaliwa. Kuuza mahindi mwezi wa 7 kwa bei ya chini na kununua unga mwezi wa 1 kwa bei ya juu ni mkopo wenye riba kubwa, ila hauna karatasi.

Yakaushe vizuri kabla ya kuhifadhi. Chukua chupa kavu, weka mahindi kidogo na chumvi kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado mabichi. Yakikauka yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, funga vizuri, wadudu watakosa hewa wafe. Hiyo ni hela ya dawa umeokoa, na watoto wanakula chakula safi.

Kwenye kubana matumizi, usianze na chakula cha mtoto wala daftari zake. Anza na vitu vinavyotoka kidogo kidogo bila kuandikwa: mchango wa sherehe kwa mtu usiyemfahamu, nguo ya sare ya harusi, bando la kila siku badala ya la wiki. Kulea peke yako kunaleta shinikizo la kuonekana umeweza. Majirani hawatakulipia rejesho.

3. Miezi miwili ya kuua deni la mtaani

Mama huyu ana beberu wawili. Wanakula, wanahitaji mtu wa kuwachunga, na kwa sasa hawaingizi kitu. Akiwauza 80,000 kila mmoja anapata 160,000. Naomba mnielewe: sisemi uuze mifugo ovyo. Usiuze kuku wanaotaga, usiuze pampu ya maji wala bomba la dawa. Uza kile ambacho hakikuletei hela kila wiki.

Mwezi wa kwanza: kwenye ile 85,000 analipa riba ya VICOBA 20,000 na anamaliza mkopo wa simu 30,000. Inabaki 35,000. Anajumlisha na 160,000 ya beberu, anapata 195,000, yote inaenda kwa mkopeshaji wa mtaani. Hapo 40,000 ni riba, 155,000 inapunguza deni. Linabaki 45,000.

Mwezi wa pili: riba ya 45,000 ni 9,000, jumla 54,000. Kwenye 85,000 analipa hiyo, analipa VICOBA 20,000, na anabaki na 11,000. Deni la kausha damu limekufa.

Kuanzia mwezi wa tatu ana kama 65,000 baada ya riba ya VICOBA. Aweke 15,000 akiba ya dharura na 50,000 ipunguze deni la VICOBA. Akifanya hivyo miezi miwili, VICOBA inabaki 300,000.

Angalizo: wapo wakopeshaji wanaokataa kupokea sehemu ya deni, wanataka riba tu ili uendelee kuwa wao. Kabla hujatoa hela, kubaliana kwa maandishi kwamba kinachozidi riba kinapunguza deni, na shahidi awepo. Dai risiti kila unapolipa. Usimwachie mtu kadi yako ya benki na namba ya siri. Na ujue kwamba kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni. Kabla ya kusaini popote, uliza leseni.

4. Zungumza kabla ya tarehe, si baada

Kwa mwenye duka la pembejeo, nenda wiki mbili kabla ya siku ya ahadi. Mpeleke hata shambani aone nyanya. Mwenye duka anaogopa kukimbiwa kuliko kucheleweshewa. Ukimwonyesha maua, anaweza kukuongezea dawa unayoihitaji na kuiandika kwenye deni la mavuno. Ndivyo tulivyofanya kwa mama huyu, na dawa akapata.

Na kwenye dawa pia kuna hela inapotea. Kagua shamba mara mbili kwa wiki, geuza majani, angalia matunda machanga. Piga dawa ukiona wadudu au dalili za ugonjwa, si kwa sababu jirani kapiga.

5. Panda kwa kufuata tarehe za bili

Mchicha unavunwa kama wiki 3 hadi 4 baada ya kusia. Chainizi inachelewa kidogo. Nyanya zinakaa karibu mwezi kitaluni, kisha miezi 2 na nusu hadi 3 shambani. Kwa hiyo mchicha ni hela ya wiki, nyanya ni hela ya msimu. Gawa matuta ya mchicha mara nne na usie tuta moja kila wiki, ili usiwe na mchicha mwingi leo na sifuri wiki ijayo.

Tena wewe una mikono miwili tu. Ukiumwa, shamba linalala. Robo ekari unayoimudu inakulipa kuliko ekari nzima iliyomezwa na magugu kwa sababu mtoto alikuwa na homa siku 3. Tafuteni wenzenu wawili watatu, mpeane siku: leo tunapalilia kwako, kesho kwangu.

6. Hela ya nyanya igawanywe kabla haijafika nyumbani

Tuseme nyanya zimeleta 1,500,000. Gawa hivi siku hiyo hiyo: duka la pembejeo 250,000; mtaji wa msimu ujao 500,000; kumaliza VICOBA 300,000; shule 150,000; dharura 150,000; nyumbani 150,000.

Lakini bei ya nyanya tunaijua. Kwa hiyo andika na mpango wa nusu. Ikija 750,000: duka 250,000, mtaji 300,000, VICOBA 100,000, shule 100,000. Hakuna cha sherehe, lakini shamba linaendelea na mtoto anaenda shule. Ukiona mpango wa nusu haufiki, punguza eneo sasa, usisubiri sokoni.

7. Haki ambazo wengi hawazidai

Mtoto ana wazazi wawili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mzazi wajibu wa kumtunza mtoto hata kama hamuishi pamoja. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii. Mkishindwana, mahakama inaweza kuamuru matunzo. Unadai haki ya mtoto, humwombi mtu msaada.

Pili, halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ila ni ya mradi, si ya kulipia kausha damu.

Tatu, jisajili kijijini kwenye daftari la wakulima upate mbolea ya ruzuku.

Leo usiku watoto wakilala, chukua daftari, fanya hatua ya kwanza tu. Andika madeni, weka riba pembeni, zungushia duara lile lenye riba kubwa kuliko yote. Kesho asubuhi ndilo utaanza nalo. Kantangaze tutarudi nayo wiki ijayo, Mungu akipenda.