Bunduki za fataki: Silaha za kale zinazodai subira na nidhamu

MAPIGANO ya Gettysburg yalipokoma mnamo Julai 1863, wanajeshi wa Marekani waliotumwa kuzoa silaha zilizotapakaa uwanjani walikumbana na jambo lililowaduwaza.

Kati ya bunduki zaidi ya 27,000 zilizokusanywa, takribani 24,000 zilikuwa zimeshindiliwa lakini hazijafyatuliwa. Karibu nusu ya hizo zilikuwa na baruti na risasi mara mbili, mzigo mmoja juu ya mwingine. Moja ilipatikana ikiwa imeshindiliwa mara 23.

Huenda mwenyewe, katika kelele na moshi wa vita, alivuta kifyatulio asitambue kwamba bunduki yake haikulia, kisha akashindilia tena na tena.

Kisa hicho kingali kinasimuliwa na watu wanaokusanya bunduki za aina hiyo na kuzitumia katika mashindano ya kulenga shabaha. Kwao, hilo ndilo somo la kwanza: bunduki ya kale haimsamehe msahaulifu.

Bunduki inayozungumziwa hapa ni ile inayojazwa kupitia mdomo wa mtutu. Kiswahili kinaijua vyema. Wazee waliiita gobori, na ufito wa kushindilia wakauita mdeki. Iliyowashwa kwa cheche za jiwe ikaitwa gumegume, na iliyokuja baadaye ikaitwa bunduki ya fataki.

Msamiati huo haukuzuka hivi hivi. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda bara ilibeba bunduki hizo kwa wingi, nyingine zikiwa zimeachwa na majeshi ya Ulaya yaliyopata silaha mpya.

CHANZO CHA FATAKI

Gumegume ilikuwa na kasoro kubwa. Cheche zilidondoka kwenye kijisahani cha baruti kilicho wazi, hivyo mvua au upepo ungeweza kuizima. Isitoshe, mmweko wa baruti ulitangulia risasi.

Kasoro hiyo ya pili ndiyo iliyomkera Alexander John Forsyth, kasisi wa Belhelvie huko Scotland aliyependa kuwinda ndege. Inasemekana ndege waliuona mmweko wakaruka kabla risasi haijawafikia.

Mnamo 1800, Mwingereza Edward Charles Howard alikuwa ameeleza jinsi ya kutengeneza kemikali ya zebaki inayolipuka inapogongwa. Forsyth alitumia maarifa ya milipuko ya aina hiyo kubuni mtambo wa bunduki usiohitaji jiwe, akapewa hataza mwaka wa 1807.

Baadaye kemikali hiyo ilitiwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, na hicho ndicho fataki. Kikofia huvishwa juu ya kifa, yaani kichomozo chenye tundu linaloelekea kwenye baruti. Nyundo ikigonga, moto hupenya tunduni na risasi hutoka.

Tofauti yake ilidhihirika katika majaribio yaliyofanywa Woolwich, Uingereza, mwaka wa 1834. Katika majaribio 6,000 ya kila aina, gumegume zilikataa kulia mara 922. Za fataki zilikataa mara 36 pekee.

Mnamo 1849, Mfaransa Claude-Étienne Minié alileta risasi yenye ncha mbele na uwazi nyuma. Iliteleza kwa urahisi mtutuni, kisha ikatanuka baruti ilipowaka na kuishika michirizi iliyochongwa ndani ya mtutu. Michirizi hiyo huizungusha risasi ili isipotoke njiani.

Hapo ndipo ilipozaliwa Enfield ya 1853, yenye mtutu wa takriban milimita 14.7. Uvumi kwamba karatasi za risasi zake, ambazo askari walizirarua kwa meno, zilipakwa mafuta ya ng'ombe na nguruwe ulichangia kuwasha uasi wa India wa 1857.

Nchini Marekani, ndugu Jacob na Samuel Hawken wa mjini St. Louis walijipatia sifa kwa bunduki fupi na nzito zilizopendwa na wawindaji wa nyanda za magharibi.

KUKUSANYA SI KUNUNUA TU

Zama za bunduki hizo zilikwisha majeshi yalipoanza kutumia zinazojazwa nyuma. Hata hivyo, hazikusahaulika. Chama cha kitaifa cha walengaji wa bunduki hizo Marekani, NMLRA, kiliundwa 1933, na mashindano yake hufanyika Friendship, jimbo la Indiana. Cha Uingereza kilianzishwa 1952, na kamati ya kimataifa inayosimamia mashindano ya dunia, MLAIC, mwaka wa 1971.

Mkusanyaji anayeanza hukabiliwa na mitego kadhaa. Gumegume nyingi ziligeuzwa kuwa za fataki katika karne ya 19. Kwa kuwa gumegume huuzwa ghali zaidi leo, wapo wanaozirejesha katika umbo la awali kwa vipuri vipya na kuziuza kana kwamba hazikuwahi kuguswa.

Kwa hivyo, mnunuzi makini huchunguza mihuri ya ukaguzi kwenye mtutu, tarehe kwenye mtambo, na iwapo vyuma vyote vimezeeka kwa kiwango kimoja. Aidha, hasugui chuma hadi king'are. Rangi ya uzee ni sehemu ya historia, na ikiondolewa hairudi.

Lakini jambo la kwanza kabisa ni kuhakikisha kwamba bunduki ni tupu. Baruti iliyokaa pakavu inaweza kulipuka hata baada ya zaidi ya miaka mia moja. Bunduki iliyotundikwa ukutani vizazi na vizazi huenda bado ina risasi ya babu.

Kuikagua si vigumu. Mdeki huingizwa mtutuni hadi ukome, ukatiwa alama mdomoni, kisha ukalazwa kando ya mtutu kwa nje. Iwapo ncha yake haifiki usawa wa kifa, kuna kitu ndani. Hapo bunduki hupelekwa kwa fundi, wala haijaribiwi nyumbani.

KUIFYATUA KWA USALAMA

Wengi hawafyatui bunduki asilia. Hutumia zilizoundwa upya kwa mfano wa zile za kale, hasa kutoka bonde la Val Trompia nchini Italia, na kuziacha za kale zipumzike.

Baruti inayotumiwa ni nyeusi, mchanganyiko wa shura asilimia 75, makaa 15 na salfa 10 hivi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haitiwi kamwe, kwa kuwa nguvu yake inaweza kuupasua mtutu na kumuua anayefyatua.

Mpangilio wa kazi haubadilishwi. Baruti hupimwa katika kipimo, kisha humiminwa mtutuni. Haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye pembe ya kuhifadhia, maana kaa dogo lililosalia mtutuni linaweza kuilipua pembe nzima mkononi.

Risasi hufuata, ikashindiliwa hadi iikalie baruti barabara. Ikiachwa nafasi katikati, mtutu unaweza kuvimba au kupasuka. Alama kwenye mdeki humwonyesha mlengaji kwamba risasi imefika, na kwamba hajashindilia mara mbili. Laiti askari wa Gettysburg wangalipata utulivu wa kuitazama!

Fataki huvishwa mwisho, bunduki ikiwa imeelekezwa kwenye shabaha. Isipolia, haigeuzwi wala kuchunguliwa. Hushikiliwa papo hapo kwa dakika moja au zaidi, kwani moto unaweza kuchelewa.

Baada ya michezo huja kazi. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu, na kutu huanza upesi. Mtutu huoshwa siku hiyo hiyo kwa maji ya moto na sabuni, ukakaushwa na kupakwa mafuta.

SHERIA

Nchini Marekani, sheria ya kitaifa ya 1968 huzihesabu bunduki zilizoundwa mwaka wa 1898 au kabla yake kuwa vitu vya kale, ingawa majimbo yanaweza kuweka masharti zaidi. Nchini Uingereza, anayeiweka ya kale kama pambo anaweza kukosa kuhitaji cheti, lakini akitaka kuifyatua ni lazima awe nacho.

Msomaji wa Kenya aliyeachiwa gobori na babu yake asidhani kwamba uzee wake unamwondolea wajibu. Sheria yetu humtaka mwenye bunduki awe na cheti. Ni heri awaarifu polisi waje waikague kuliko kuibeba mwenyewe, sembuse kuijaribu.

Kwa mlengaji stadi, risasi mbili au tatu kwa dakika zilikuwa kasi ya vita. Leo hana adui wa kumkimbiza, na sababu ya kuharakisha haipo. Wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka. Kwa mwenye bunduki ya fataki, haraka huweza kuugharimu uhai.