Siku Moja Malindi

Mgeni afikaye Malindi huulizia kwanza mnara wa Vasco da Gama. Nami nilifanya hivyo, kwani shuleni tuliukariri mwaka 1498 kama tulivyokariri sala. Mnara u juu ya mwamba kando ya bahari, una msalaba wa jiwe lililotoka Ureno, nao wapendeza. Lakini baharia huyo alivuka kwenda Bara Hindi kwa kuongozwa na rubani aliyepewa papa hapa Malindi, hilo hatukufundishwa.

Mjini, penye Msikiti wa Ijumaa, yamesimama makaburi ya nguzo ya wenyeji wa kale. Nilikuwa peke yangu hapo.

Alasiri nilikwenda Gedi, mwendo wa maili kumi hivi kusini. Huko, kuanzia mwaka 1948, Bwana James Kirkman alifukua jumba, misikiti, visima, hata vyoo vya nyumbani, pamoja na vyombo vya kaure vya Uchina. Wala safari hizo hazikuwa za upande mmoja: mwaka 1415 Malindi ilimpelekea Mfalme wa Uchina twiga hai! Sijui nani alimlisha njiani.

Jioni, nikingoja gari njia panda, basi la wanafunzi lilipita bila kusimama, likielekea mnarani.