Muziki wa Simu Ndani ya Gari: Kutiririsha, Kupakua na Kuoanisha



Safari hii tumechagua kueleza jambo ambalo wengi wetu tunakutana nalo barabarani: muziki unaotoka kwenye simu na kusikika katika spika za gari, huku jina la wimbo likionekana kwenye skrini ya dashibodi. Kwa wanaosafiri kati ya Gitega na Muyinga jambo hili si geni. Hata hivyo, ukimwomba mwanafunzi alieleze kwa Kiswahili, mara nyingi atahamia Kifaransa kabla ya kumaliza sentensi ya pili. Tatizo si uhaba wa maneno. Maneno yapo, na baadhi yake yanafafanua kazi yenyewe vizuri sana.

Kutiririsha na kupakua

Tuanze na kitenzi "tiririka". Maji ya kijito hutiririka: huja kidogo kidogo bila kukatika. Katika kauli ya kutendesha tunapata "tiririsha", kama vile "chemka" inavyotupa "chemsha" na "anguka" inavyotupa "angusha". Kutiririsha muziki ni kuuleta kutoka kwenye seva, yaani kompyuta kubwa iliyo mbali, kipande baada ya kipande, na kuusikiliza wakati bado unakuja. Simu huweka mbele akiba ndogo ya muziki, kama mtu akingaye maji kwa ndoo. Mtandao ukikatika kwa muda mfupi, wimbo huendelea kwa akiba hiyo. Ndoo ikikauka, wimbo husimama.

"Kupakua" ni jambo jingine. Kitenzi hiki ni kinyume cha "kupakia", na jikoni tunakitumia kwa kutoa chakula chunguni na kukiweka sahanini. Wimbo uliopakuliwa umekwisha kuwekwa katika simu, na kuusikiliza hakuhitaji mtandao tena. Huduma nyingi za muziki, kama Boomplay na Spotify, zina njia zote mbili, ingawa kupakua mara nyingi ni kwa wanaolipia.

Kutoka kwenye simu hadi kwenye gari

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba kazi kubwa hufanywa na simu. Simu ndiyo inayozungumza na mtandao na kuucheza wimbo. Kwa kawaida gari hutoa spika, skrini na vitufe tu. Kwa hiyo muziki unapokatika, tujiulize kwanza: je, mtandao umekatika, au kiungo kati ya simu na gari ndicho kilichokatika? Ikiwa wimbo unaendelea kwenye simu lakini spika ziko kimya, kasoro huenda iko kwenye kiungo au upande wa gari. Ikiwa hata simu imesimama, kasoro huenda iko kwenye mtandao, ingawa simu nyingi husimamisha wimbo zenyewe kiungo na gari kinapokatika.

Njia zilizoenea ni tatu:

1. Waya wa AUX. Huu huunganisha tundu la spika za masikioni la simu na tundu la gari. Hupitisha sauti peke yake. Jina la wimbo halionekani kwenye skrini.

2. Bluetooth. Hii hupitisha sauti bila waya, na mara nyingi huleta pia jina la wimbo na kukuwezesha kuruka wimbo kwa kitufe cha gari. Jina hili lilitokana na Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, ambaye lakabu yake ilimaanisha "jino la buluu". Kabla ya kutumia Bluetooth ni lazima kuoanisha simu na gari. Walimu wataona mara moja mnyumbuliko huo: oa, oana, oanisha. Vifaa viwili hutambulishana mara moja, kisha hukumbukana.

3. Android Auto na CarPlay. CarPlay ya Apple ilitangazwa mwaka 2014, na Android Auto ya Google ilitolewa mwaka 2015. Hapa skrini ya gari huonyesha programu za simu kwa herufi kubwa na vitufe vichache, ili dereva asihangaike. Huunganishwa kwa waya wa USB na, katika magari mapya zaidi, hata bila waya. Si kila gari wala kila simu inakubali.

Magari yaliyotoka Japani

Barabarani mwetu kuna magari mengi yaliyotumika Japani kwanza. Tunayatambua kwa usukani ulio upande wa kulia, ilhali Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Skrini zake nyingi huandika Kijapani. Msomaji asikate tamaa: mara nyingi herufi BT au AUX huonekana kwa alfabeti yetu, na hizo zinatosha kumwongoza.

Redio za magari hayo zina jambo lake. Nyingi za zamani hupokea masafa ya FM kuanzia 76 hadi 90 tu, wakati stesheni za kwetu ziko kati ya 87.5 na 108. Mwenye kifaa kidogo cha kurusha sauti, kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, akichague masafa yaliyo chini ya 90, kwa mfano 88, ikiwa hakuna stesheni hapo. Akichagua 100, redio hiyo haitasikia kitu.

Njiani

Kutoka Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, kupitia Karusi hadi Muyinga, barabara hupita vilimani. Mawimbi ya simu hayapandi kilima na kushuka nacho: nyuma ya mlima hudhoofika. Tena kutiririsha kunakula data. Muziki wa kilobiti 96 kwa sekunde hutumia megabaiti 43 hivi kwa saa. Wa kilobiti 320 hutumia megabaiti 144. Anayechagua ubora wa juu kabisa hulipia zaidi ya mara tatu, na ndani ya gari lenye kelele huenda asitambue tofauti.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: pakua kabla ya kuondoka, hasa pale penye Wi-Fi. Aidha, anayeendelea hadi mpakani Kobero azime data za nje ya nchi, kwa kuwa simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania na kutoza bei nyingine.

Lililo kubwa zaidi ni usalama. Gari likienda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Dereva akitazama skrini kwa sekunde mbili, amekwenda mita 33 bila kuona njia, na katika njia yenye kona, waenda kwa miguu na baiskeli zilizobeba ndizi, mita hizo ni nyingi. Orodha ya nyimbo itayarishwe gari likiwa limesimama. Baada ya hapo, simu ikae kwa abiria.

Darasani

Nyimbo za safarini zaweza kuwa somo. Kidum, mwanamuziki Mrundi aliyejipatia jina Nairobi, huimba kwa Kiswahili na kwa Kirundi pia. Wanafunzi wanaweza kulinganisha matamshi yake na ya waimbaji wa Dar es Salaam au Zanzibar. Vilevile tunapendekeza zoezi hili: mwanafunzi mmoja awe dereva, mwingine abiria, na abiria amweleze dereva hatua kwa hatua namna ya kuoanisha simu na gari, bila kutumia neno la Kifaransa. Atahitaji "washa", "tafuta", "chagua", "kubali", "unganisha" na "ongeza sauti". Hizo zote ni amri, na hilo ni somo zuri la hali ya kuamuru.

Wasomaji wa Muyinga, ambako Kiswahili cha madereva wa malori husikika kila siku, tunawaomba mtuandikie: je, huko mnasema "kutiririsha", au mna neno lenu?