Kumtahayarisha Mtoto Si Tiba ya Unene

Swali nililokwisha kulichoka katika chumba cha matibabu ya watoto ni lile la mzazi aulizaye, mtoto mwenyewe akiwa ameketi papo hapo na kichwa amekiinamisha: "Daktari, tumfanyeje aone haya na mwili huu, apate kujizuia kula?" Swali hilo limesimama juu ya itikadi batili, kwamba aibu ni dawa, na kwamba mtoto aitwaye bonge asubuhi na jioni, apimwaye uzito mbele ya wageni na kulinganishwa na nduguye mwembamba, hatimaye ataona uchungu akakonda.

Hakondi. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani waliwaonyesha watoto wa miaka 10 na 11 picha za wenzao sita, miongoni mwao mwenye magongo, aliye katika kiti cha magurudumu, asiye na kiganja, mwenye kasoro ya uso na mnene, wakawataka wawapange kwa kadiri walivyowapenda. Mnene akawekwa wa mwisho. Mtoto ambaye wenziwe wamekwisha kumhukumu hivyo, kwa haki gani akute hukumu ile ile kwa mamaye na babaye? Uchunguzi mwingine wa huko huko, uliotangazwa mwaka 2014, uliwafuata wasichana 2,379, ukabaini kuwa walioambiwa wakiwa na miaka 10 kwamba ni wanene mno walielekea zaidi kuwa na unene wa kupindukia walipofika miaka 19, hata uzito wao wa awali ulipotiwa katika hesabu; na hatari ilizidi pale neno lilipotoka kwa jamaa zao wenyewe.

Wala si ajabu, kwani nafsi iliyotahayari huukimbia uwanja wa michezo isije ikachekwa, hutafuta faraja katika chakula cha kificho, na hukosa usingizi, hali mwili ulio katika dhiki humwaga homoni ya kotisoli ichocheayo hamu ya kula. Ndipo huzuni na unene hulishana. Mwaka 2003, katika mji wa San Diego, watoto wenye unene mkubwa walipoulizwa habari za maisha yao, majibu yao yalilingana na ya watoto wanaotibiwa saratani. Hao ndio mnaotaka niwaongezee fedheha!

Lifaalo ni hili: nyumba nzima ile chakula kimoja, maji yashike mahali pa soda, mtoto acheze saa moja kila siku mchezo aupendao, alale mapema, na uzito wake upimwe faraghani. Chai ya sanamaki msimpe. Huharisha na kutoa maji na chumvi mwilini, mafuta yakabaki palepale. Akijitenga, akiikataa shule au akila kwa kujificha, mleteni kwa daktari. Akitaja kufa, mleteni siku ile ile, wala msimwache peke yake. Na lile jina la bonge, nawasihi wazazi wenzangu, likome leo nyumbani mwenu.