Sare Moja, Jiko Moja

Mpenzi msomaji, kama wewe ni mwanafunzi wa kutwa mwenye sare moja kama mimi, basi waijua dhiki ya mwezi wa Julai huku kwetu Limuru. Unafua jioni, asubuhi shati bado limelowa chepechepe.

Julai iliyopita nilijiona mjanja. Nilifunga mlango na dirisha, nikawasha jiko la makaa na kutundika nguo juu yake, kisha tukalala. Usiku kitindamimba wetu akaanza kutapika, nami kichwa kikaniuma ajabu. Mama alifungua mlango akatutoa nje mbio. Ashukuriwe Mungu, tulipona. Lakini shati? Bado bichi!

Shangazi, ambaye ni dobi katika hoteli moja jijini Nairobi, ndiye aliyenifumbua macho. Kwao hutumia mashine ya kukaushia. Ndani mna pipa linalozungusha nguo. Mashine hupasha hewa moto, huipitisha katikati ya nguo, kisha huiondoa ikiwa na unyevu na kuingiza nyingine. Kumbe siri si joto peke yake! Hewa iliyoshiba maji sharti iondoke. Chumba changu kilijaa unyevu, maji ya shati yakakosa pa kwenda. Tena makaa yakiungua hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

Je, tununue mashine? Nyingi hula wati 2,000 au zaidi, sawa na balbu 200 za wati 10 kwa mpigo! Isitoshe, nguo husuguana zikachakaa upesi. Upepo nao haudai bili. Jua lina kasoro moja tu: hupausha rangi, kwa hivyo geuza sweta ndani nje kabla ya kuianika.

Siku za manyunyu, kamua shati vizuri, likunje ndani ya taulo kavu, kisha ulikanyage. Maji mengi yatahamia kwenye taulo. Halafu litundike kwa hanga barazani, chini ya paa, upepo ulipige pande zote. Usizibananishe nguo.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi nusura nimlee. Ndugu msomaji, heri uende shule na shati la unyevunyevu kuliko kulala na jiko la makaa chumbani.